Goli Lilikuwa Tupu

Jumapili mchana, baada ya misa ya pili na baada ya watu wa msikitini kula, Saumu alibeba karai lake, chupa ya mafuta ya mawese na kikapu cha muhogo, akaenda kukaa upande wa kushoto wa kiwanja cha mpira cha Baraka. Alikaanga muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Alichagua upande ule kwa sababu kivuli cha ghala la pamba kilifika pale mapema, na mashabiki wa Nyota ya Ziwa walikifuata kivuli. Walikuwa wateja wazuri. Walikula sana, walilipa bila kubishana, na walikuwa na mazungumzo mamoja tu, nayo yalimhusu kaka yake.

"Mechi ya Uvira niliiona kwa macho yangu," alisema Idi, fundi cherehani, ambaye hata Jumapili alivaa utepe wake wa kupimia shingoni. "Useni alipita bantu wane. Akamulalisha golikipa chini. Akarudi nyuma, akamupita tena juu ya kucheka tu. Na Jumapili ya kufuata? Mupira unamupita kati ya miguu, yeye anasimama sawa muntu anangoja boti."

"Mungu alimupa miguu, akasahau kumupa moyo," alisema Nicolas, aliyefunga vidonda vya watu zahanatini siku za kazi na kupuliza filimbi siku ya Jumapili.

"Leo malaika, kesho gogo."

"Gogo iko na faida. Unapika nayo."

Walicheka, wakamnyooshea Saumu majani ya mgomba awaongezee ndagala. Saumu aliwaongezea.

Useni alikuwa ameacha mpira tangu mwaka wa hamsini na nne. Alikuwa winga wa kushoto, namba kumi na moja, na hakuna mtu kuanzia Lweba hadi Fizi aliyewahi kuona winga kama yeye, na hilo ndilo lililowaudhi. Mchezaji mbovu humtukani miaka mitatu baadaye. Unamsahau. Useni hawakuweza kumsahau, maana kila mmoja wao alikuwa amebeba kichwani mechi mbili au tatu alizocheza Useni ambazo hazikuwa na mfano, na zilimkaa kama mfupa wa samaki kooni: hazishuki, hazitoki.

Zaidi ya yote walikumbuka fainali. Nyota ya Ziwa ilikuwa ikicheza na timu ya Fizi, mabao sawa, mchezo unakwisha. Useni alimpita beki wa mwisho, golikipa akaanguka mwenyewe bila kuguswa, na goli likabaki tupu. Useni akasimama. Alisimama na mpira miguuni mpaka beki mmoja akaamka, akajipangusa vumbi, akaja kuuchukua. Dakika ile ile Fizi wakafunga. Jioni prezida wa timu, Isidore, alisema mbele ya watu kwamba mchezaji hasimami mbele ya goli tupu bure, lazima kuna mtu amemlipa. Kesho yake watoto walimwimbia Useni njiani. Wiki ile ile alipanda mtumbwi akaenda Swima kuvua samaki na wajomba, na hakukanyaga Baraka tena, hata mama yao, Bi Asha, alipoanza kupoteza macho.

Miaka ile ya mpira Saumu mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameolewa Lusenda, na alirudi Baraka baada ya mumewe kufa. Kwa hiyo alipowasikiliza wateja wake aligeuza muhogo tu.

Mwaka wa hamsini na saba, Jumapili ya kwanza baada ya mvua za kwanza, Nyota ya Ziwa ilikuwa ikicheza na vijana wa Lweba. Mchezo ulikuwa haujachangamka bado. Upande wa kushoto, karibu na mstari, nyayo zilianza kukimbia.

Zilikuwa nyayo za mtu peku. Zilijipiga ardhini moja baada ya nyingine, kwa kasi, na kila ulipopigwa wayo vumbi dogo liliruka nyuma yake. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikaa mbali na vingine. Hakukuwa na mtu juu yake.

"Useni huyu," alisema Idi, akiendelea kutafuna.

"Njo yeye," alisema Nicolas, akasimamisha mchezo kidogo ili afikiri. Alizitazama nyayo zikikata kuingia ndani, zikisimama, zikizunguka kisigino, zikitoka tena. Kisha aliamua kwamba nyayo hazigusi mpira, kwa hiyo si mchezaji wa kumi na mbili, akapuliza filimbi waendelee. Wachezaji waliendelea. Walijitahidi tu wasizikanyage.

Idi ndiye aliyeitambua mechi. Mzunguko ule wa kisigino, kisha hatua tatu fupi na moja ndefu: ilikuwa mechi ya kwanza kabisa Useni aliyoichezea timu, mwaka wa hamsini na moja. Aliwaeleza wengine kitakachofuata, nacho kilifuata. Nyayo zilipofika mahali ambapo Useni alifunga bao, mashabiki walishangilia, na vijana wa Lweba, waliokuwa wanaongoza kwa bao la kweli, walidhani wanachekwa.

Jumapili iliyofuata nyayo zilicheza mechi ya pili. Zikaendelea hivyo, kila Jumapili mechi moja, kwa mpangilio ule ule zilivyochezwa. Padri aliulizwa, akajibu kwamba Useni ni mtoto wa msikitini, suala liende kule. Shehe alijibu kwamba kukimbia si dhambi. Mzungu wa Serikali aliyeshuka kutoka Fizi kwa gari alisimama, akatazama dakika chache, akamuuliza karani wake kama nyayo zile zinalipa kodi. Karani alijibu kwamba kodi inatozwa kwa kichwa, na hapa hakuna kichwa. Mzungu alikubali, akaondoka.

Watu walianza kuja kutoka Lweba na Lusenda. Ndagala za Saumu ziliisha kabla ya mapumziko. Winga wa sasa wa Nyota ya Ziwa, kijana mwenye kifua kipana aliyeitwa Roger, alizoea kukimbia karibu na nyayo bila kuzigusa, na watu walimlinganisha nazo kwa sauti, mpaka siku moja akamwomba Nicolas amhamishie kulia. Nicolas alimwambia refa hana kazi hiyo.

Siku nzuri za Useni watu walilia kwa furaha. Siku mbovu walizitukana nyayo.

"Angalia hiyo! Angalia! Inatembea! Iko mechi, yeye anatembea!"

"Kimbia, mvivu!"

"Rudi kwenu Swima!"

Nyayo hazikuongeza mwendo. Zilikokota. Wakati mwingine zilisimama kabisa, mchezo wa kweli ukiendelea pembeni, kisha zikasogea hatua mbili kama mtu aliyekumbuka kwamba anatazamwa.

Saumu alikaa pembeni kabisa, mahali ambapo njia zinaingia kiwanjani, na kwa kuwa hakujua mpira alitazama vitu vingine. Aliona zilikotoka. Siku ambazo Useni alicheza vizuri, nyayo zilikuja kwa njia ya nyumbani kwa mama yao, zikapita karibu na karai lake, nyepesi, kama za mtu aliyekula na kulala. Siku mbovu hazikutoka huko. Zilitokea upande wa pili, nyuma ya kiwanja, kwenye njia ya Fizi.

Jumapili moja mbovu alimwomba Idi amwangalizie karai, akazifuata nyayo kinyume. Zilimpitisha nyuma ya nyumba ya Isidore, prezida, ambaye pia alikuwa msimamizi wa ghala la pamba, mtu wa kupima pamba za watu na kusema hii ni daraja la kwanza, hii ni la tatu. Nyuma ya nyumba ile Isidore alikuwa na stoo yake mwenyewe. Kuanzia kiwanjani hadi mlango wa stoo nyayo zilikuwa za kawaida. Kuanzia mlango wa stoo kwenda milimani zilikuwa zimezama ardhini kina cha kidole kizima. Pembeni kulikuwa na alama za fimbo ya kutembelea. Saumu aliendelea kupanda mpaka jua likamchoma, na kila mara alikuta mahali ambapo mtu alitua kitu kizito, duara pana lililokandamiza nyasi, kisha nyayo mbili zilizosimama karibu karibu, za mtu anayejiandaa kukinyanyua tena.

Aliporudi, Idi alikuwa amekula ndagala zote.

Saumu alikwenda moja kwa moja nyumbani, akamkuta mama yake ameketi mkekani akichambua maharagwe kwa vidole.

"Mama, Useni alikuwaka anabeba nini kutoka Fizi?"

Bi Asha aliendelea kuchambua.

"Maharagi," alisema baadaye. "Siku ingine viazi. Siku ingine ngozi za mbuzi. Ile biashara ya Isidore. Anamutuma Ijumaa, anapanda. Siku ya posho, Jumamosi, anafungasha. Anashuka usiku, anafika Jumapili asubuhi. Halafu wanampa jezi."

"Na we ulijua?"

"Ni mimi nilimukanda miguu na mawese, sitajua?"

"Juu ya nini haukusema?"

"Pamba yangu nani anaipima?" alisema Bi Asha. "Wale walikataa kubeba, Jumatatu walijikuta kwenye barabara, wanavunja mawe ya Serikali. Mutoto aliniambia, mama, funga mudomo, mpira si kitu. Mi nikafunga."

Alimnyooshea binti yake bakuli. "Angalia kama kuna mawe."

Wiki ile Saumu aliwapeleka Idi na Nicolas nyuma ya stoo. Nyayo zilikuwa bado zipo. Nyayo za Useni hazikufutwa na mvua mpaka Jumapili nyingine ifike. Idi aliinama, akaingiza kidole katika wayo mmoja, akakitoa na kukipima kwa utepe wake. Nicolas alipiga goti mahali palipotuliwa mzigo, akazungusha mkono juu ya duara.

"Kweli," alisema Idi. "Alikuwa na muzigo."

"Muzito," alisema Nicolas. "Na magoti yamechoka. Ona vile anakokota hapa."

"Munaona basi," alisema Saumu.

"Tumeona."

Idi alikunja utepe. "Lakini juu ya nini hakusema?"

"Asemee nani? Nani alimuuliza?"

Idi alifikiri, akakubali kwamba hakuna aliyemuuliza. Walirudi madukani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa nzuri, walilia kwa furaha. Iliyofuata ilikuwa mbovu. Nyayo zilitokea njia ya Fizi mbele ya macho yao wote, zikapita nyuma ya stoo, zikaingia kiwanjani zikikokota, na Saumu aliinua kichwa kusikiliza watakachosema.

"Mvivu huyu," alisema Idi, lakini kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa Saumu alikuwa karibu.

Mafuta yalimrukia Saumu mkononi. Hakuyahisi. Alikuwa amedhani watu hawajui, na kwamba wakijua itatosha.

Kwa hesabu ya Idi, fainali ilikuwa inakaribia. Saumu alipanda lori la samaki akaenda Swima. Alimkuta Useni ufukoni akishona wavu. Alikuwa amenenepa tumbo na kukonda miguu, na nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe ingawa hakuwa mzee.

"Yaya, miguu yako inacheza Baraka," alimwambia kaka yake.

"Nimesikia."

"Inaonyesha yote. Njia ya Fizi, stoo ya Isidore, yote. Jumapili ya kuja iko fainali. Njoo, usimame pale, baone uso wako."

Useni aliuma uzi kwa meno. "Mama anasemaje?"

"Mama haoni tena mulango. Anaupapasa."

Useni aliunyoosha wavu, akaukunja, akauweka mtumbwini mwa mjomba. "Nitakuja juu ya mama," alisema. "Ile ya miguu, sijui."

Siku ya fainali watu walijaa mpaka ziwani. Hapakuwa na timu ngeni. Nyota ya Ziwa waliamua kutocheza, wakakaa pembeni na jezi zao kutazama. Isidore alikuja na kiti chake chenye mgongo, akasalimia kila mtu. Alikuwa mtu mpole. Alipomwona Useni amesimama karibu na karai la dada yake, alimwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Useni! Karibu nyumbani. Mama hajambo?"

"Hajambo, Prezida."

"Mungu asifiwe."

Mashabiki nao walimsalimia. Wengi walifurahi kumwona, wakamwambia amenenepa. Nicolas, ambaye hakutaka jambo libaki bila kunyooka, alimuuliza mbele ya watu.

"Useni, siye tumeona njia ya Fizi. Tumeelewa. Lakini kuna ile mechi ya Lusenda. Ile siku nyayo zilitoka kwa mama yako. Haukubeba kitu. Na ulicheza sawa kuku mgonjwa."

Watu walisogea kusikiliza. Saumu alimtazama kaka yake kwa macho ya kumwomba.

Useni alijikuna shingo. "Ile siku nililala vizuri," alisema. "Nilikula vizuri. Nilicheza mubaya tu."

Pumzi ya kuridhika ilipita katika kundi lote. "Munaona!" alisema mmoja. "Amekubali mwenyewe." Idi aligonga viganja na watu wawili watatu, kama mtu aliyeshinda kesi. Saumu alishika kijiko cha kukaangia kwa nguvu mpaka mpini wake ukalia.

"Ungesema ulikuwa mugonjwa," alimnong'oneza.

"Sikuwa mugonjwa."

Kisha nyayo zikaja. Zilitokea njia ya Fizi, zikiwa zimezama kuliko siku nyingine zote, zikapita stoo, zikaingia kiwanjani. Katika wayo wa kulia, kila ulipotua, vumbi liligeuka jeusi na kulowa. Nicolas aliutazama weusi ule kwa jicho la kazi yake, akasema kisigino kimepasuka. Watu walitikisa vichwa. Nyayo zilikokota kipindi kizima. Watu waliguna, wakasonya, mmoja akarusha ganda la muhogo. Mara, mwisho mwisho, zikaamka. Zilikata kushoto, zikakata kulia, hatua zikawa ndefu, na watu wote wakasimama bila kuambiwa, ingawa walijua. Hata Isidore alisimama.

Zikafika mbele ya goli. Zikasimama.

Zilisimama pale, na wayo wa kulia ukaanza kuzama peke yake. Vidole vilijikunja vikachimba ardhi. Kisigino kiliinuka, kikashuka, kikainuka. Nicolas alitembea mpaka pale, akachutama.

"Mushipa," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Mushipa umekamata mguu. Kutoka hapa mpaka kwenye paja. Muntu namna hii hawezi hata kuanguka."

Saumu aliacha karai, akasimama mbele ya kiti cha Isidore.

"Prezida, sema ni nani alimutuma Fizi usiku wa fainali."

"Ni mimi," alisema Isidore bila kusita. "Nilimutuma juu nilimuamini. Na ule muzigo, dada yangu, ulikuwa wa nani? Haukuwa wangu ule. Ulikuwa maharagi na unga wa karamu ya ushindi. Si mungekula wote?"

Watu walitazamana.

"Tungekula," alisema Idi.

"Halafu ukasema amelipwa," alisema Saumu.

"Nilisema kulikuwa kuna sababu. Leo tumeiona sababu." Isidore alikaa tena, akaitazama ile milingoti miwili na nafasi iliyo katikati yake. Alishusha pumzi, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Lakini goli lilikuwa tupu."

"Lilikuwa tupu," walisema watu.

"Ungeusukuma hata na mguu wa kushoto."

"Hata na tako."

"Tupu kabisa, jamani."

Useni alikuwa amesogea bila kujua mpaka karibu na nyayo zake, akizitazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umejikaza ndani ya suruali. Nyuma yake watu walinyoosha shingo, maana sasa ilikuwa inakuja sehemu ambayo beki anaamka na kujipangusa, na wengi walitaka kuona kama nyayo zitajaribu kitu.

"Useni," aliita Idi kwa upole, "sogea kidogo. Unatukinga."

Useni alisogea.

Jumapili iliyofuata nyayo zilianza upya, mechi ya kwanza, mzunguko wa kisigino, hatua tatu fupi na moja ndefu. Watu walifurahi kwamba hazikuisha. Wanachama wa timu walikutana na kumchagua tena Isidore kuwa prezida, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na ghala la kuwekea mipira. Useni alibaki Baraka. Alimwongoza mama yake chooni na jikoni, alilima shamba lake la pamba, na Isidore aliipima pamba ile daraja la tatu. Kiwanjani hakwenda. Jumapili alikaa nyuma ya nyumba, na kwa makelele tu aliweza kujua wanatazama mechi ipi.

Saumu ndiye aliyegundua kwamba kaka yake hutoka nyumbani kabla ya alfajiri siku za Jumapili. Hakumfuata. Roger mwenyewe ndiye aliyemwambia, siku moja aliponunua muhogo, akiongea huku anatazama chini.

Isidore alikuwa anamtuma Roger Fizi. Ilianza baada ya mavuno ya maharagwe. Mara ya kwanza Roger alishuka na gunia usiku kucha, na mchana akacheza kama gogo, na watu wakamwita Useni, jina ambalo sasa lilikuwa tusi la kawaida pale kiwanjani. Mara ya pili, kwenye mteremko mrefu ambapo mtu anaanza kuona ziwa, alimkuta mtu ameketi juu ya jiwe.

"Tua," mtu yule alimwambia.

Roger alitua. Useni aliikunja kata ya majani, akaiweka kichwani, akachutama.

"Nipandishie."

"Kaka, mguu wako—"

"Mguu wangu hauchezi leo mupira. Nipandishie. Halafu we pita njia ya juu, lala kwa mama yangu. Kuna uji. Usipite mbele ya stoo."

Gunia lilifika stoo asubuhi. Isidore aliliona, akaona pia lililetwa na nani, akafungua mlango. Yeye alihitaji gunia.

Ikawa hivyo kila mara Roger alipotumwa. Saumu alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza kusikiliza alitaka kupiga kelele, lakini hakujua ampigie nani. Jioni alimwambia kaka yake aache. Alimwambia kwamba anamlisha Isidore. Alimwambia kwamba kama magunia yangechelewa, kama wachezaji wote wangekataa, labda.

"Labda," alisema Useni. Alikuwa ameloweka mguu katika beseni la maji ya moto. "Wakikataa Jumatatu wako barabarani. Ule mutoto anacheza vizuri, Saumu. Umemuona?"

"Mi sijui mupira."

"Anacheza vizuri kunipita mimi. Anacheza vizuri kila Jumapili."

Na ilikuwa kweli. Msimu ule Roger hakuwa na siku mbovu. Alifunga dhidi ya Uvira, alifunga dhidi ya Lweba, na timu ya Fizi iliposhuka na ngoma zake aliwafunga mara mbili kabla ya mapumziko. Nyayo za Useni siku ile zilikuwa katika mojawapo ya mechi mbovu. Zilikokota pembeni ya mstari, na Roger alizipita mbio, na kila alipozipita watu walicheka.

Baada ya bao la pili Idi alikuja kwa Saumu kununua ndagala. Jasho la furaha lilimtoka usoni. Alichukua jani lake, akala mbili pale pale, akanyoosha mkono kuelekea kiwanjani.

"Unamuona Roger? Ile njo inaitwa moyo. Hachoki." Alimeza, akamtazama Saumu kwa huruma, maana alimpenda na alijua ni dada wa mtu. "Kaka yako angekuwa na moyo sawa ule, Saumu. Nusu tu ya ule."

Saumu alimwongezea ndagala. Nyuma ya nyumba yao, Useni alikuwa amelala kwenye mkeka wa mama yake, miguu imeinuliwa juu ya gogo, na Bi Asha, ambaye hakuhitaji macho kwa kazi hiyo, alikuwa anamkanda na mawese.